Kutoka Kiolezo hadi Amri: Historia ya Uchoraji wa Miundo ya Kemikali kwa Programu za Kupanga Chapa, 1977–2012

IKISIRI

Makala hii inachunguza jinsi uchoraji wa miundo ya kemikali ulivyoingia katika programu za kupanga chapa zinazoongozwa kwa maandishi, tangu Donald Knuth alipoanza kubuni TeX mwaka 1977 hadi programu ya mol2chemfig ilipotangazwa mwaka 2012. Ni rahisi kuisoma historia hii kama masimulizi ya michoro iliyozidi kupendeza mwaka hadi mwaka. Makala inadai kuwa badiliko la msingi lilikuwa jingine: lilihusu kile ambacho mwandishi alitakiwa kukitaja. Mwanzoni alitaja mahali kwenye ukurasa, baadaye nafasi yenye namba kwenye pete, na hatimaye bondi moja baada ya nyingine. Hata hivyo, lugha zote hizo zilibaki zikieleza picha ya molekuli, si molekuli yenyewe, na kwa sababu hiyo jukumu la usahihi halikuwahi kuhama kutoka kwa mwandishi kwenda kwa mashine. Hoja hii inathibitishwa kwa mfano wa yujenoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu.

1.0 Utangulizi

Mkemia huandika kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni lugha ya sentensi, ambayo anashirikiana na waandishi wengine wote. Ya pili ni lugha ya michoro: pembesita, mistari, kabari na herufi chache ambazo kwa pamoja huonyesha atomi ipi imeungana na ipi. Mchoro huo si pambo la ukurasa. Kemikali mbili zenye atomi zilezile kwa idadi ileile zinaweza kutofautiana kwa harufu, kwa sumu au kwa tiba, na tofauti hiyo haionekani katika fomula inayohesabu atomi bali katika muundo. Kwa hiyo, kuuliza mchoro unafikaje kwenye ukurasa ni kuuliza maarifa ya kikemia yanasafirije kutoka kwa mtafiti hadi kwa msomaji, na ni nani anayeyashika njiani.

Kwa muda mrefu njia hiyo ilipita katika mikono ya watu wengi: mwandishi, mchoraji, mchongaji wa bamba na mpanga chapa. Katika robo ya mwisho ya karne ya 20 njia ilifupishwa. Baadhi ya wakemia walianza kuchora kwenye skrini kwa kipanya. Wengine, ambao ndio mada ya makala hii, walianza kuandika amri: maneno na alama zinazosomwa na kompyuta na kugeuzwa kuwa mistari na herufi. Kundi hili la pili lilikuwa dogo, lakini historia yake inafundisha zaidi ya ukubwa wake, kwa kuwa ililazimika kujibu swali ambalo mchoraji wa kipanya hakulazimika kulijibu: je, mchoro wa molekuli unaweza kusemwa kwa maneno, na ukisemwa, ni kitu gani hasa kinachosemwa?

Makala inafuata mpangilio wa wakati. Inaanza na mvutano wa kale kati ya alama za kemia na mashine ya chapa, inaeleza kwa nini hisabati ilipata programu zake kabla ya kemia, kisha inalinganisha majibu manne yaliyotolewa kati ya mwaka 1987 na 2010. Sehemu ya mwisho inapima kile kilichopatikana na kile kilichobaki bila kutatuliwa.

2.0 Alama za kemia na mashine ya chapa kabla ya kompyuta

Mvutano kati ya kemia na uchapaji ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 19 John Dalton wa Uingereza aliwakilisha atomi kwa viduara vyenye nukta, mistari na herufi ndani yake. Kila kiduara kilihitaji chapa yake maalumu. Miaka michache baadaye, kati ya mwaka 1813 na 1814, Jöns Jacob Berzelius wa Sweden alipendekeza herufi zinazotokana na majina ya Kilatini ya elementi. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni wepesi wa kuandika na haja ya kutokiharibu kitabu kilichochapwa. Kwa maneno mengine, herufi ambazo kila mwanafunzi wa kemia huzitumia leo zilishinda kwa sehemu kwa kuwa zilikuwamo tayari katika kisanduku cha mpanga chapa.

Ushindi huo ulidumu kwa muda tu. Fomula ya Berzelius ilisema ni atomi zipi zilizomo, lakini haikusema zimepangwaje. Mwaka 1858 Archibald Scott Couper aliunganisha herufi kwa mistari ya nukta. Mwaka 1864 Alexander Crum Brown wa Edinburgh alichapisha michoro yenye herufi ndani ya viduara vilivyounganishwa kwa mistari. Mwaka 1865 August Kekulé alipendekeza kuwa kaboni sita za benzeni zimefungana katika pete. Kuanzia hapo kemia ya ogania ilihitaji kitu ambacho chapa za risasi hazikukipenda: mstari wa mshazari. Chapa za risasi hupangwa katika safu zilizonyooka. Mstari wa kulala na wa kusimama hupatikana kwa vipande vya metali, lakini mstari wa mshazari huvunja safu. Pembesita ya benzeni, hata ikisimamishwa vipi, ina angalau pande nne za mshazari.

Suluhisho la kawaida lilikuwa kuutoa mchoro nje ya matini. Mchoraji aliuchora kwa wino, mara nyingi kwa msaada wa kiolezo chenye matundu ya pembesita na pembetano, kisha ukatengenezewa bamba lake na kupachikwa katika nafasi iliyoachwa. Athari yake ilikuwa mgawanyo wa mamlaka. Mwandishi aliweza kusahihisha sentensi kwa kalamu kwenye karatasi za majaribio, lakini kosa la bondi moja katika mchoro lilimaanisha kuchora upya. Mgawanyo huo ndio ambao programu za maandishi zilikuja kuujaribu.

Sambamba na hayo palikuwa na juhudi ya aina nyingine. Mwaka 1949 William J. Wiswesser wa Marekani alibuni mfumo wa kuandika muundo wa molekuli katika mstari mmoja wa herufi na tarakimu, unaofaa kwa mashine za kuhifadhi na kutafuta kumbukumbu. Lengo halikuwa kuchora bali kuorodhesha. Mikondo hii miwili, maandishi ya kutafutia na maandishi ya kuchorea, ilikwenda mbalimbali kwa miongo kadhaa kabla ya kukutana.

3.0 Kwa nini hisabati ilitangulia

Baadhi ya programu za mwanzo za kupanga chapa kwa amri zilitoka katika maabara za Bell nchini Marekani. Huko Brian Kernighan na Lorinda Cherry walibuni eqn, lugha ya kuandika milinganyo, na kuichapishia maelezo mwaka 1975. Wazo lake lilikuwa kwamba mpiga chapa asiyejua hisabati aandike mlinganyo karibu kama unavyosomwa kwa sauti, na kompyuta ishughulikie ukubwa na nafasi. Miaka miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Donald Knuth aliona kurasa za majaribio za toleo la pili la juzuu mojawapo ya kitabu chake na hakuridhishwa na sura ya chapa. Mwaka huohuo wa 1977 alianza kubuni TeX. Leslie Lamport alijenga juu ya TeX mfumo mwepesi zaidi kutumia, LaTeX, na kitabu chake cha maelezo kilitoka mwaka 1986.

Hisabati ilihudumiwa mapema kwa sababu mbili. Kwanza, waliobuni programu hizo walikuwa wanahisabati na wanakompyuta. Walitibu maumivu yao wenyewe. Pili, umbo la mlinganyo linakubaliana na umbo la chapa. Mlinganyo, hata ukiwa mgumu kiasi gani, ni visanduku vilivyopangwa kando kwa kando au juu kwa chini: kipeo juu, sehemu iliyogawanywa kwa mstari wa kulala, kipeuo chini ya paa lake. TeX imejengwa juu ya falsafa hiyohiyo. Inajua visanduku, nafasi kati ya visanduku, na mistari ya kulala na ya kusimama. Yenyewe haijui mstari wa mshazari.

LaTeX ilikwepa upungufu huo kwa njia ya werevu lakini finyu. Katika mazingira yake ya kuchorea, mstari wa mshazari ulijengwa kwa kuunganisha herufi za fonti maalumu, kila herufi ikiwa kipande kifupi cha mstari. Kwa kuwa fonti ina idadi maalumu ya herufi, mteremko wa mstari ulipaswa kuwa uwiano wa namba kamili zisizozidi 6. Aidha, mistari ya mshazari mifupi kuliko takriban pointi 10 haikuchorwa kabisa.

Kwa mwanahisabati masharti hayo yalikuwa usumbufu mdogo. Kwa mkemia yaligusa kiini cha kazi. Pembesita sawa iliyosimama kwenye ncha yake inahitaji pande za mshazari zenye pembe ya digrii 30 kutoka mstari wa kulala, yaani mteremko wa takriban 0.577. Hakuna uwiano wa namba kamili unaotoa thamani hiyo. Ulio karibu zaidi kati ya ule ulioruhusiwa ni 3 kwa 5, ambao hutoa digrii 31 kasoro kidogo. Pembesita iliyochorwa hivyo haina pembe sita za digrii 120. Ina mbili za takriban digrii 118 na nne za takriban digrii 121. Jicho la kawaida halitambui. Lakini ni ushahidi wa wazi kwamba kemia ilikuwa mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwingine.

4.0 Mwaka 1987: majibu mawili

Mwaka 1987 jarida la Computers & Chemistry lilichapisha, katika juzuu moja, makala mbili zilizolijibu tatizo hili kwa njia zilizotofautiana kabisa.

Makala ya kwanza iliandikwa na Roswitha Haas na Kevin O'Kane, na ilihusu mfumo wa makro za LaTeX uliojulikana kama ChemTeX. Njia yao ilikuwa ya fomu. Kila umbo linalotumika mara kwa mara, kwa mfano pete ya atomi sita, lilipewa amri yake. Ndani ya amri hiyo waandishi walikuwa wamekwisha kukokotoa mahali pa kila mstari, na mtumiaji alijaza tu vikundi vilivyopachikwa kwenye pete, kila kimoja katika nafasi yake. Nguvu ya njia hii ni kwamba mtumiaji hahitaji kufikiria majira ya nukta. Udhaifu wake ni ule wa fomu yoyote: isiyo na nafasi ya jibu lako haiwezi kukusaidia. Makro ya TeX hupokea vigezo 9 tu, na molekuli iliyotoka nje ya maumbo yaliyotarajiwa ilimrudisha mtumiaji kwenye kukokotoa mistari kwa mkono.

Makala ya pili iliandikwa na Jon Bentley, Lynn Jelinski na Brian Kernighan wa maabara za Bell. Jelinski alikuwa mkemia. Wenzake wawili walikuwa wanakompyuta. Programu yao, chem, iliandikwa kwa lugha ya awk, na haikuchora chochote yenyewe. Ilisoma maelezo ya muundo na kuyageuza kuwa amri za pic, lugha ya michoro aliyoibuni Kernighan, nayo pic ikapeleka matokeo kwa programu ya kupanga chapa ya troff. Kila programu katika msururu huo ilifanya kazi moja na kumkabidhi mwenzake.

Njia ya chem ilikuwa ya msafiri. Mwandishi alianza mahali fulani, akataja atomi, akaamuru bondi ielekee upande fulani, akafika kwenye atomi nyingine, akaendelea. Mwelekeo ulitajwa kwa maneno ya kawaida, kama kulia au juu, au kwa digrii zilizohesabiwa kuanzia juu na kuzunguka kama akrabu ya saa, namna nahodha anavyosoma dira. Bondi ya mbele ya ukurasa na ya nyuma ya ukurasa zilikuwa na majina yao, na pete ziliweza kuitwa kwa jina, kuelekezwa upande, na kutajwa tena baadaye kwa ajili ya kuunganishwa. Kwa kuwa pic ilijua kuchora mstari wa pembe yoyote, pembesita ya chem ilikuwa pembesita kamili.

Tofauti kati ya makala hizi mbili haikuwa ya vifaa tu. ChemTeX iliuliza: una umbo gani, na umepachika nini wapi? Chem iliuliza: kutoka hapa unakwenda wapi? Swali la kwanza linafaa kemia ya pete zinazojirudia. La pili linafaa molekuli yoyote, lakini linamdai mwandishi aijue njia yote. Historia iliyofuata ilizunguka kati ya maswali haya mawili.

5.0 Mshindani wa kipanya na jibu la Fujita

Wakati makala hizo zinachapishwa, mshindani alikuwa ameshaingia sokoni. Mwaka 1985 ChemDraw ilionyeshwa kwa wakemia kwa mara ya kwanza. Ilitokana na ushirikiano wa David Evans, profesa wa kemia katika Chuo Kikuu cha Harvard, mkewe Sally Evans, ambaye alikuwa akimchorea miundo kwa mkono, na mwanafunzi Stewart Rubenstein, aliyeiandika programu kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh. Ni muhimu kutambua kwamba mtu aliyeujua uchoraji kwa kalamu na kiolezo alikuwa mmoja wa waliouelekeza ubunifu huo. Programu ilihamishia mazoea ya mkono kwenye skrini, na wakemia wengi waliipokea kwa kuwa haikuwataka wajifunze lugha yoyote mpya. Baada ya muda vipimo vyake vilifungamana na vya majarida: mtindo wa Jumuiya ya Kemia ya Marekani, wenye bondi ya pointi 14.4 sawa na milimita 5.08, hujulikana na wengi kama mpangilio uliomo tayari ndani ya programu hiyo.

Kwa nini basi mtu aendelee kuandika amri? Jibu kamili zaidi lilitoka Japani. Shinsaku Fujita, mkemia aliyefanya kazi katika kampuni ya Fuji Photo Film na baadaye katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyoto, alitoa toleo la kwanza la XyMTeX mwaka 1993. Mwaka 1995 aliueleza mfumo huo katika TUGboat, jarida la watumiaji wa TeX, na mwaka 1997 akauandikia kitabu kizima.

Fujita alibaki katika njia ya fomu, lakini aliibadilisha fomu yenyewe. Badala ya kumpa kila mpachiko kigezo chake, alikusanya mipachiko yote katika orodha moja ambamo kila nafasi hutajwa kwa namba, kwa mfano 1==OH;2==OCH$_3$. Kwa njia hiyo kikomo cha vigezo 9 kilipoteza makali. La maana zaidi ni kwamba namba hizo zinafuata mantiki ya utoaji wa majina ya kemikali. Mkemia anayejua kuwa kemikali fulani ina kikundi cha haidroksili kwenye nafasi ya 1 na cha methoksi kwenye nafasi ya 2 anaweza kuandika amri moja kwa moja kutoka kwenye jina. Kwa hiyo XyMTeX haikuwa kifaa cha kuchorea tu. Ilikuwa hoja kwamba mchoro na jina ni sura mbili za maarifa yaleyale, na kwamba maandishi ndiyo mahali pa kuzikutanisha.

Katika muongo huohuo Hans Hagen wa Uholanzi alibuni PPCHTeX, ambayo nayo iliruhusu muundo kuandikwa kama orodha ya bondi na mipachiko. Mifumo hii yote ilikuwa bado inahangaika na mstari wa mshazari, ama kwa kuukubali upungufu wa LaTeX, ama kwa kukopa nguvu za lugha ya PostScript nje ya TeX.

6.0 Kurudi kwa msafiri: chemfig

Kikwazo hicho kiliondolewa na watu ambao hawakuwa wakifikiria kemia. Hàn Thế Thành alibuni pdfTeX, iliyotoa faili za PDF moja kwa moja. Till Tantau wa Ujerumani alibuni PGF na lugha yake ya juu, TikZ, ambazo ziliwezesha mstari wa pembe na urefu wowote kuchorwa ndani ya LaTeX bila msaada wa nje. Mwaka 2010 Christian Tellechea wa Ufaransa alitoa chemfig, iliyojengwa juu ya TikZ.

Chemfig iliirudisha njia ya msafiri. Mwandishi huandika atomi, alama ya bondi, atomi nyingine, na kadhalika. Alama ya kistari ni bondi moja, alama ya sawasawa ni bondi mbili. Mabano hufungua tawi linaloondoka kwenye njia kuu na kisha kurejea. Pembe huhesabiwa kutoka mstari wa kulala, kinyume cha akrabu ya saa, kama katika hisabati; hapa dira ya nahodha iliyotumiwa na chem imeachwa. Pete huandikwa kwa nyota na idadi ya pande zake. Hakuna orodha ya maumbo yaliyotayarishwa. Kuna kanuni chache zinazoweza kuunganishwa bila kikomo kilichopangwa mapema.

Miaka miwili baadaye mikondo miwili iliyotajwa mwanzoni ilikutana. Ule wa kuorodhesha ulikuwa umezaa SMILES, mfumo wa David Weininger uliochapishwa mwaka 1988, ambao huandika muundo katika mstari mmoja bila kujali utachorwaje. Mwaka 2012 Eric Brefo-Mensah na Michael Palmer walieleza katika Journal of Cheminformatics programu ya mol2chemfig, inayosoma SMILES au faili la molekuli na kutoa maandishi ya chemfig. Kwa mara nyingine msururu wa programu ndogo ulifanya kazi, kama ilivyokuwa katika maabara za Bell robo karne kabla.

7.0 Picha au molekuli? Mfano wa karafuu na tambuu

Maendeleo hayo yanaweza kumfanya msomaji adhani kuwa kompyuta sasa inaelewa kemia. Mfano ufuatao unaonyesha vinginevyo. Yujenoli, yenye fomula C10H12O2, ndiyo kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, zao lililoipa Unguja na Pemba jina duniani. Ni pete ya benzeni yenye mipachiko mitatu: haidroksili, methoksi iliyo jirani nayo, na mnyororo wa kaboni tatu unaoikabili haidroksili. Katika chemfig inaweza kuandikwa hivi:

\chemfig{*6((-[:210]-[:150]=[:210])-=(-OCH_3)-(-OH)=-=)}

Mabano ya kwanza yana mnyororo wa kaboni tatu pamoja na pembe zake. Yanayofuata yana methoksi, na ya mwisho haidroksili. Vistari na alama za sawasawa vinavyobaki ni bondi sita za pete, moja na mbili kwa zamu.

Sasa ichukuliwe kuwa mwandishi aliyechoka amebadilishana nafasi za OCH_3 na OH. Idadi ya herufi ni ileile, fomula ni C10H12O2 ileile, na programu itachora pete safi isiyo na dosari ya uchapaji. Lakini kemikali iliyochorwa si yujenoli tena. Ni chavibetoli, inayopatikana katika mafuta ya majani ya tambuu. Karafuu imegeuka tambuu na mashine haikupiga kelele. Vivyo hivyo, mwandishi akiongeza bondi moja na kuipa kaboni bondi tano, chemfig itaichora kwa utii. Haihesabu bondi za atomi, kwa kuwa haijui atomi ni nini. Inajua herufi, mistari na pembe.

Hapa ndipo tofauti kati ya mikondo miwili inapoonekana wazi. SMILES ya yujenoli, COc1cc(CC=C)ccc1O, haina pembe hata moja. Inasema nani ameungana na nani, basi. Maandishi ya chemfig yanasema pia mnyororo uelekee wapi na pete isimame vipi. Hayo ni mambo ya ukurasa, si ya molekuli. Mwandishi wa chemfig anafanya kazi mbili katika mstari mmoja, ya mkemia na ya mchoraji, na kosa la mmoja linaweza kujificha nyuma ya usafi wa mwingine. Mol2chemfig hupunguza hatari hii kwa kuanza na maelezo ya molekuli na kuacha picha iwe zao lake. Lakini ikiwa maelezo ya awali yana kosa, kosa litachorwa vizuri vilevile.

Hata hivyo, kosa lililoandikwa lina faida moja ambayo kosa lililochorwa halina: linaweza kusomwa. Mtahini mwenye mstari wa chemfig mbele yake anaweza kuufuata bondi kwa bondi na kuona mahali mabano yalipobadilishana. Anaweza kulinganisha rasimu mbili na kuonyesha herufi zilizobadilika. Anaweza kusahihisha mstari huo kwa programu yoyote ya kuandikia, bila leseni ya kununua. Picha iliyokwisha kugandishwa katika PDF humwonyesha matokeo tu, wala haimwonyeshi uamuzi uliozaa matokeo hayo.

8.0 Hitimisho

Kati ya mwaka 1977 na 2012 uchoraji wa miundo ya kemikali kwa maandishi ulipitia hatua zilizo wazi. ChemTeX ilimkabidhi mwandishi fomu. Chem ilimfanya msafiri mwenye dira. XyMTeX iliifunga fomu na utaratibu wa majina ya kikemia. Chemfig ilimrudisha msafiri na kumpa uhuru wa pembe zote. Katika kila hatua mwandishi alitaja machache zaidi kuhusu ukurasa na mengi zaidi kuhusu muundo, lakini hakuna hatua ambayo ukurasa ulitoweka kabisa.

Historia hii inakataa madai mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba programu za kipanya ziliua njia ya maandishi. Ziliipunguzia watumiaji, lakini hazikuweza kutoa kile ambacho maandishi hutoa, yaani mchoro unaoweza kusomwa, kulinganishwa na kusahihishwa kama sentensi. La pili ni kwamba maandishi huleta usahihi yenyewe. Usahihi uliendelea kutoka kwa mtu anayejua kwamba haidroksili, si methoksi, ndiyo inayoukabili mnyororo.

Kutokana na hayo kuna jambo linalowahusu moja kwa moja wanaotahini na wanaohifadhi tasnifu. Iwapo tasnifu ya kemia itahifadhiwa kama faili la PDF pekee, michoro yake itabaki kama mabamba ya karne ya 19: inaonekana, lakini haihojiwi. Yakihifadhiwa pamoja nayo maandishi yaliyoizaa, kila bondi inabaki kuwa kauli iliyotamkwa na mtu, inayoweza kufuatwa na kupingwa. Mgawanyo wa mamlaka uliomtenga mwandishi na mchoro wake ulichukua zaidi ya karne moja kuondolewa. Kuyatupa maandishi baada ya kupata picha ni kuurudisha bila kukusudia.